Namba 5.3 kwenye boksi la spika haikuambii sauti itakuwaje: Bluetooth ilivyo ndani

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu haipiti wiki bila mtu kuuliza achukue spika yenye Bluetooth 5.0 au 5.3, na jibu ni lile lile: "Beba 5.3 mkuu, mziki wake si wa kitoto." Muuzaji naye anaongeza elfu kumi kwa ajili ya hiyo desimali. Nataka tuifungue hii teknolojia tuone hiyo namba inahusu nini, maana kwa upande wa muziki haihusu kile watu wanachodhani. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka ashuke kwenye habari ya profaili, huko ndiko kwenye nyama.

Kwanza kabisa, Bluetooth ni redio. Ndani ya simu kuna redio ndogo ya kurusha na kupokea, ndani ya spika ipo nyingine, na zinaongea kwenye bendi ya gigahezi 2.4, kuanzia megahezi 2,400 hadi 2,483.5. Kipande hiki cha masafa kimeachwa huru karibu dunia nzima: hulipii leseni mradi urushe kwa nguvu ndogo. Matokeo yake kimejaa. Wi-Fi imo humo, mausi zisizo na waya zimo, rimoti za droni zimo, na maikrowevu ya jikoni inavujisha kelele zake humo humo.

Nguvu inayotumika ni kiduchu. Hedifoni na vifaa vidogo vingi ni vya daraja la 2, ambalo kikomo chake ni miliwati 2.5, na umbali wake hutajwa kuwa mita 10. Daraja la 1 hufika miliwati 100, na mahali peupe unaweza kupata hata mita 100. Kwa kulinganisha, simu ya 2G ikitafuta mnara kwenye bendi ya megahezi 900 inaruhusiwa kupanda hadi wati 2, yaani mara 800 ya hiyo hedifoni yako.

Kwa nguvu ndogo namna hiyo, mwili wa binadamu ni kizuizi cha maana. Sisi sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4. Weka simu mfuko wa nyuma kushoto, redio ya hedifoni iwe sikio la kulia: hapo mawimbi yanatakiwa kuvuka kiwiliwili chote. Na hili huwashangaza wengi: sauti hukatika zaidi ukiwa uwanjani kuliko ukiwa chumbani. Chumbani mawimbi yanagonga ukuta na dari yakarudi sikioni kwa njia ya kuzunguka. Uwanjani hakuna cha kuyarudisha, yakizuiwa na kiuno yamezuiwa.

Historia kwa kifupi. Kazi ilianzia kampuni ya Ericsson, mji wa Lund, Sweden. Mwaka 1994 mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen aliwekwa kwenye kazi ya kutafuta redio ya bei nafuu ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake, akafanya kazi hiyo na Sven Mattisson. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba wakaunda umoja wa kusimamia teknolojia hiyo, na toleo la kwanza likatoka 1999. Kumbukeni lengo: kuondoa waya mfupi. Haikuzaliwa kwa ajili ya muziki wala kurushiana filamu. Usumbufu mwingi tunaoulalamikia leo mzizi wake ni huo.

Sasa, redio dhaifu inaishije kwenye bendi iliyojaa kelele? Inarukaruka.

Bluetooth ile ya kawaida imeikata bendi yake katika chaneli 79, kila moja upana wa megahezi 1. Simu na spika hazikai chaneli moja. Zinahama mpaka mara 1,600 kwa sekunde, yaani kila baada ya mikrosekunde 625. Chukua watu wawili kwenye jengo la vyumba 79 lenye makelele: wanasema neno moja chumba hiki, neno la pili chumba kingine, na mpangilio wa vyumba wanaujua wao tu. Chumba kimoja kikiwa na ngoma, neno lililopotea linarudiwa chumba kinachofuata.

Mpangilio huo wanaujuaje? Kwenye kila muunganiko mmoja ni kiongozi, mara nyingi simu. Kila kifaa cha Bluetooth kina anwani yake ya biti 48 na saa yake ya ndani. Mfuatano wa chaneli hukokotolewa kutokana na anwani ya kiongozi na saa ya kiongozi. Spika ikishapata hivyo viwili inapiga hesabu ile ile na kuangukia chaneli ile ile kwa wakati ule ule. Kiongozi mmoja anaweza kuhudumia vifaa saba vilivyo hai kwa pamoja. Nane hairuhusiwi, kwa sababu namba ya mwanachama imepewa biti tatu tu, na sifuri imetengwa kwa ujumbe wa wote.

Mwaka 2003, toleo la 1.2, waliongeza akili nyingine: kifaa kikigundua chaneli fulani zina fujo kila mara, tuseme router ya Wi-Fi imezikalia, zinatolewa kwenye mzunguko. Router moja hukalia kama megahezi 20, kwa hiyo hata ikitolewa yote, chaneli zinabaki nyingi tu.

(Hapa huwa anatajwa Hedy Lamarr, mwigizaji wa Hollywood aliyepata hataza Marekani mwaka 1942 pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, kuhusu kurukaruka kati ya masafa ili adui asivuruge redio inayoongoza torpido, yaani kombora la majini. Hataza ipo kweli, na mpango wao ulikuwa wa masafa 88, sawa na vibonye vya piano. Ila wanaosema ndiye aliyevumbua Bluetooth wanatia chumvi. Wazo la kurukaruka lilikuwepo hata kabla yake.)

Profaili, na ile sauti ya simu ya kukoroga

Redio inabeba biti tu. Biti hizo ni muziki, ni mazungumzo au ni faili? Hilo linaamuliwa na profaili, yaani makubaliano ya namna ya kufanya kazi fulani. Mbili za kuzijua ni hizi. A2DP ni ya muziki: inapeleka sauti ya stereo upande mmoja, kutoka simu kwenda spika. HFP ni ya mazungumzo: sauti inakwenda na kurudi, lakini ni mono na ubora umebanwa.

Hapo ndipo fumbo la watu wengi linapofunguka. Unasikiliza muziki kwenye kompyuta, uko vizuri. Unaingia kwenye kikao cha mtandaoni, ghafla kila kitu kinasikika kama redio ya mkulima. Hedifoni haijaharibika. Kikao kimeomba maikrofoni, A2DP haina njia ya kurudisha sauti, kwa hiyo kompyuta ikahamia HFP. Huko sauti huchukuliwa sampuli (vipimo) 8,000 kwa sekunde, au 16,000 vifaa vikiwa vya kisasa kidogo, wakati muziki wa CD ni 44,100. Dawa yake ya bure: kwenye mipangilio ya kikao chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, hedifoni ibaki ya kusikilizia tu.

Ndani ya A2DP kuna kodeki, yaani njia ya kuubana muziki upite. Kila kifaa cha A2DP lazima kijue SBC, ambayo kwa ubora wake wa kawaida wa juu hutumia kama kilobiti 328 kwa sekunde. Juu yake zipo AAC, aptX na LDAC, lakini zinafanya kazi pale tu pande zote mbili zinapoijua kodeki hiyo. Simu yenye LDAC na spika yenye SBC peke yake: wataongea SBC. Na wimbo wako wa MP3 kwa kawaida haurushwi kama ulivyo. Simu inaufungua, inaubana upya kwa kodeki ya Bluetooth, ndipo unaruka. Umebanwa mara mbili.

Sasa hiyo namba

Mwaka 2004, toleo la 2.0 lilipandisha kasi ya hewani hadi megabiti 3 kwa sekunde. Muziki wa A2DP unapita kwenye njia hiyo mpaka leo. Mwaka 2010, toleo la 4.0 lilileta redio ya pili ndani ya jina lile lile: Bluetooth LE, ya kutumia umeme kidogo. Hii ina chaneli 40 za megahezi 2, na tatu kati yake ni za kujitangaza tu. Ndiyo inayotumiwa na saa za mkononi, vipimo vya mapigo ya moyo, kufuli na vitambulisho vya kutafutia funguo.

Toleo la 5.0 la mwaka 2016 lilipotangaza kasi mara mbili na umbali mara nne, habari zote hizo zilihusu upande wa LE. Tena huwezi kuzipata zote kwa wakati mmoja: ukitaka umbali, kasi inashuka mpaka kilobiti 125 kwa sekunde. 5.3 ya mwaka 2021 nayo ilirekebisha mambo ya LE, hasa matumizi ya umeme na uchaguzi wa chaneli. Spika ya 5.3 inayopiga muziki kwa A2DP na SBC haijapata chochote kipya cha sauti kutoka kwenye hiyo namba.

Mabadiliko ya kweli ya sauti ni LE Audio, ambayo msingi wake uliwekwa toleo la 5.2 mwaka 2020, pamoja na kodeki mpya LC3. Lakini ni hiari. Chipu inaweza kuitwa 5.3 au 5.4 bila kuwa na LE Audio hata kidogo. Kwa hiyo kwenye boksi soma maneno, acha namba: tafuta AAC, aptX, LDAC, LC3 au LE Audio, halafu angalia kama simu yako nayo inayo. Baada ya hapo kinachobaki ni ukubwa wa spika, boksi lake na amplifaya. Hayo unayapima kwa sikio, dukani, kwa wimbo unaoujua.

Nawasilisha. Maswali yaje.

Sabufa Kubwa

Mkuu umenikumbusha enzi za kurushiana nyimbo shuleni. Kabla ya hapo kulikuwa na infraredi, mnalaza simu mbili zinatazamana kwenye dawati, mtu akipita zikatikisika kidogo mnaanza upya. Swali langu: mbona siku hizi nikituma filamu kwa Bluetooth inachukua milele, wakati Xender inamaliza chap?

Mleta uzi

Infraredi ilikuwa mwanga, ndiyo maana ilitaka kutazamana. Redio haina shida hiyo.

Kuhusu kasi, piga hesabu. Ile megabiti 3 ni ya hewani. Ukitoa gharama za kuendesha muunganiko, kilichobaki kwa faili ni kama 2.1 mambo yakiwa mazuri. Wimbo wa megabaiti 5 ni megabiti 40, sekunde 20 hivi. Filamu ya megabaiti 700 ni megabiti 5,600, hapo ni zaidi ya dakika 40 bila kukatika hata mara moja. Xender na wenzake wanawasha hotspot na kutuma kwa Wi-Fi. Njia ya Android ya kutumiana faili karibu nayo inatumia Bluetooth kutafutana tu, mzigo wenyewe unapita Wi-Fi. AirDrop ya iPhone ni mtindo huo huo.

Likoni Kwetu

Ahsante kwa somo ndugu yangu. Mimi niko Mombasa, navuka feri kila siku kwenda kazini. Nyumbani hizi za masikioni ziko sawa kabisa, nikifika ferini kwenye ule umati zinakatakata mpaka nazitoa. Nilidhani ni mambo ya usalama, kwamba kuna mtambo wanafungia mawimbi.

Mleta uzi

Huhitaji mtambo wowote hapo, umati unatosha. Umezungukwa na mamia ya miili iliyobanana inayonyonya mawimbi, na karibu kila mmoja ana simu yenye Wi-Fi na Bluetooth, na wengi wana hotspot zimewashwa. Chaneli safi zinakuwa chache, vipande vinavyopotea vinarudiwa, akiba ya sauti iliyo kwenye hedifoni inaisha kabla kipande kipya hakijafika. Hapo ndipo unasikia mkato.

Kuna jambo jingine la hizi za vipande viwili. Kwenye nyingi, kimoja kinapokea kutoka kwenye simu na cha pili kinategemea mwenzake, na katikati yao kuna kichwa chako, ambacho nacho ni maji. Jaribu kuweka simu mfuko wa shati, upande ule wa kipande kinachopokea. Ukiweka mkobani chini ya mkono unajitesa bure.

Mpita Njia

Jirani yangu mpya kila nikiwasha spika anaunganika yeye, mara taarabu mara mahubiri. Anavunjaje ulinzi?

Mleta uzi

Havunji kitu, mlango uko wazi. Kuoanisha vifaa zamani kulitaka namba ya siri, na kwa spika karibu zote ilikuwa 0000 au 1234. Mwaka 2007 ikaja njia bora zaidi: vifaa vinabadilishana namba za hadharani na kila kimoja kinakokotoa siri ile ile bila siri hiyo kupita hewani. Kwenye simu mbili utaona tarakimu sita pande zote, mnathibitisha kwamba zinalingana. Spika haina kioo, haiwezi kukuonyesha tarakimu, kwa hiyo inakubali yeyote anayebisha. Mawasiliano baada ya hapo yanafungwa kwa siri, lakini haikuuliza wewe ni nani.

Jirani alishaoanisha siku moja, simu yake ikahifadhi ufunguo, na sasa ikiiona spika iko huru inaiwahi. Tafuta kwenye kitabu chake namna ya kufuta orodha ya vifaa. Nyingi ni kubonyeza kitufe cha Bluetooth kwa sekunde kadhaa. Kisha unganisha ya kwako mara moja, kwa sababu spika nyingi za bei ya chini zikishashikwa na simu moja zinaacha kuonekana kwa wengine.

Sabufa Kubwa

Na virusi je? Nakumbuka kuna kipindi tuliambiwa tuzime Bluetooth tukiwa stendi.

Mleta uzi

Ilikuwepo sababu. Mwaka 2004 ilitokea Cabir, iliyoruka kati ya simu za Symbian (mfumo wa Nokia nyingi za enzi hizo) kwa Bluetooth, ingawa mwenye simu ilibidi akubali kupokea. Kilichotisha zaidi ni BlueBorne ya 2017: udhaifu uliokuwa kwenye Android, Windows, Linux na iPhone za zamani, ambao haukuhitaji kuoanisha wala kukubali chochote, Bluetooth kuwashwa tu. Masasisho yalitoka. Simu ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo ndiyo ya kuihofia.

Bi Hafsa

Mimi ninaogopa mionzi. Mwanangu analala na hizo za masikioni.

Mleta uzi

Dada yangu, mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama yanavyofanya ya eksirei, na kwa miliwati chache hata joto hayaleti la kuhisika. Wasiwasi wangu ungekuwa sauti kubwa usiku kucha, hiyo ndiyo inayoua masikio, iwe na waya au bila waya.

Gemu Usiku

Nikipiga risasi kwenye gemu mlio unakuja adui ameshaanguka. Lakini YouTube midomo na sauti viko sawa. Simu au hedifoni?

Mleta uzi

Vyote ni vizima. Sauti ya A2DP inachelewa milisekunde 100 mpaka 200, wakati mwingine zaidi: kubana, kurusha, kuweka akiba, kufungua. Programu ya video inajua ucheleweshaji huo, kwa hiyo inachelewesha picha makusudi ili vilingane. Gemu haiwezi kuchelewesha picha kwa sababu haijui utabonyeza lini. Hedifoni zenye hali ya gemu hupunguza akiba, kwa hiyo zinawahi lakini zinakatika upesi zaidi. Kwa gemu za ushindani waya bado ni mfalme.

Mpita Njia

La mwisho mkuu: nina spika mbili, nataka zipige pamoja kwenye shughuli ya dada. Simu inakubali moja tu.

Mleta uzi

A2DP ni kati ya simu na kifaa kimoja, hivyo simu haikosei. Ukiwa na vifaa vya LE Audio kuna Auracast: chombo kimoja kinatangaza na kila kipokezi kilicho karibu kinasikiliza bila kikomo cha idadi. Lakini spika ulizonazo naamini ni za kawaida. Kama ni za kampuni moja na modeli moja, angalia kama zina hali ya TWS: simu inaongea na ya kwanza, ya kwanza inapitisha kwa ya pili. Kwa kawaida unaziunganisha zenyewe kwanza, ndipo unaleta simu. Zisiachane mbali, na usiziweke pande mbili za ukumbi uliojaa watu. Kama hazina hali hiyo, nunua waya wa jeki, chomeka zote mbili kwenye miksa ya DJ, na Bluetooth uisahau kwa siku hiyo.